UCHANGANUZI: Nusu digrii inavyoweza kupotosha majibu ya maabara Kajiado

KATIKA viunga vya Kitengela, ambako ufugaji wa kuku umeenea kando ya nyumba za kupangisha, si lazima kumweleza mkazi kazi ya inkubeta. Mfugaji anajua kwamba yai la kuku huhitaji joto la digrii 37.5 hivi kwa muda wa siku 21, na kwamba mashine ikipoa usiku kucha, hasara itaonekana waziwazi siku ya kuangua. Mayai yatabaki viza, na mwenye mashine atajua pa kuanzia kutafuta kosa.

Ndani ya maabara ya hospitali iko mashine ya jamii hiyo hiyo. Nayo huatamia, ila badala ya mayai huatamia bakteria waliotolewa kwenye choo, damu, mkojo au usaha wa mgonjwa na kupandwa katika sahani za chakula maalumu. Tofauti kubwa ni kwamba mashine hii inapokosea, hakuna yai viza la kuonyesha kosa. Sahani ambayo haikuotesha kitu huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba mgonjwa hana viini. Jibu huandikwa, hutiwa sahihi na kufika mezani kwa daktari likiwa na uzito uleule wa jibu lililo sahihi.

Hiyo ndiyo sababu suala la joto ndani ya sanduku hilo halifai kuachiwa mafundi peke yao. Katika Kaunti ya Kajiado ni suala la afya ya umma na, ukilifuatilia hadi mwisho, ni suala la bajeti.

Kajiado imekua kwa kasi isiyolingana na huduma zake. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 687,312. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeshuhudiwa katika miji inayopakana na Nairobi, Kitengela ikiwa miongoni mwayo. Maji ya bomba la Nol-Turesh, linaloanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok, hugawanywa miji mingi kabla na baada ya kufika hapo. Hivyo basi wakazi wengi hutegemea visima vya watu binafsi na malori ya maji, na usalama wa maji hayo hauwezi kuthibitishwa kwa macho wala kwa kuonja.

Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Oktoba 2022 uliikumba Kajiado pia, pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na kaunti nyinginezo. Katika hali kama hiyo kipimo cha haraka humsaidia mhudumu kushuku ugonjwa, lakini uthibitisho hutokana na kuotesha kiini chenyewe. Sampuli hupandwa kwenye sahani ya kijani na kuwekwa katika joto la digrii 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24. Kiini cha kipindupindu hujitokeza kama vidoa vya manjano vyenye upana wa milimita mbili hadi nne.

Ni kweli kwamba kiini hiki ni kigumu. Hakifi kwa sababu mashine imeshuka hadi digrii 31. Hata hivyo, hukua polepole, na mtaalamu anayesoma sahani kwa saa zilizoandikwa kwenye mwongozo ataona vidoa vidogo visivyofanana na picha aliyofundishwa, au asione chochote. Wakati wa mlipuko, siku moja ya kuchelewa kuthibitisha ni siku moja zaidi ambayo kisima husika kinaendelea kuuza maji.

Upande wa kupima maji yenyewe, nafasi ya kukosea ni finyu zaidi. Bakteria wanaoashiria kinyesi hutafutwa katika joto la digrii 44.5, na kiwango kinachoruhusiwa kupanda au kushuka ni sehemu mbili za kumi za digrii. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Joto hilo limechaguliwa ili liwazuie bakteria wa kawaida wa udongoni na majani, huku likiwaacha wale wa tumboni waendelee kukua. Mashine ikishuka hadi digrii 42, bakteria wasio na hatia wataota na kisima safi kitahukumiwa. Ikipanda kupita digrii 46, hata wale wa kinyesi watazuiwa, na maji machafu yatapewa cheti. Mwenye kisima wa kwanza atalalamika. Wa pili hatasema neno.

Lipo pia eneo la tatu, ambalo halizungumzwi sana nje ya kuta za maabara: kupima ni dawa gani ya antibiotiki itakayomfaa mgonjwa. Bakteria mmoja wa vidonda na vipele, stafilokokasi sugu kwa methisilini, huweza kuficha usugu wake joto likipita digrii 35. Sahani yake ikiatamiwa katika digrii 37 au 38, itaonyesha kwamba dawa inafanya kazi, ilhali mwilini haitafanya. Mtu anaweza kudhani kwamba digrii 37, lililo joto la mwili wa binadamu, ndilo jibu sahihi kwa kila kipimo. Silo, na mashine moja inayotumiwa kwa vipimo vyote huwa inamdhulumu mgonjwa mmoja ili kumfaa mwingine.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za dunia. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka 2019, na kwamba eneo la Afrika kusini mwa Sahara ndilo lililoathirika zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Mwaka huo huo wa 2022 ripoti iliyohusisha mataifa 14 ya Afrika, Kenya ikiwemo, ilionyesha kwamba kati ya maabara zipatazo 50,000 ni asilimia 1.3 pekee zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Maabara zinazojitahidi kufanya kazi hiyo ni chache mno kiasi kwamba kila moja inayotoa jibu lisilo sahihi huacha pengo kubwa.

Je, kosa huanzia wapi? Ukiwauliza wahandisi wa vifaa vya hospitali, wengi watakuambia kwamba mashine inayosingiziwa kuharibika aghalabu haijaharibika. Tatizo liko nje yake, au liko katika namna inavyoaminiwa.

La kwanza ni ile namba inayong’aa kwenye kioo cha mbele. Namba hiyo haitoki kwenye sahani za wagonjwa. Hutoka kwenye kihisi kimoja kilichobanwa mahali fulani, mara nyingi karibu na feni au ukutani, na hueleza joto la hewa ya mahali hapo tu. Rafu ya juu inaweza kuwa na digrii mbili zaidi ya rafu ya chini na kioo kisionyeshe lolote. Kwa hiyo fundi makini haanzi kwa kufungua mashine. Huanza kwa kutia kipimajoto kingine, kilichohakikiwa usahihi wake, ndani ya chupa ndogo ya maji au gliserini, akaiweka kati ya sahani, akafunga mlango na kuiacha hadi kesho yake. Chupa hutumiwa kwa sababu hewa hupoa punde mlango unapofunguliwa, lakini kioevu hushikilia joto lake muda wa kutosha kusomwa. Kisha huihamisha chupa hiyo juu, chini, mbele na nyuma. Zoezi hilo linahitaji siku kadhaa na subira, bidhaa adimu katika hospitali yenye foleni.

Ikibainika kwamba tofauti ipo, hatua inayofuata ni kuangalia chumba. Na hapa jiografia ya Kajiado ina lake la kusema. Inkubeta ya kawaida ina uwezo wa kupasha joto tu. Haina uwezo wa kupoza. Ili iweze kudhibiti joto lake, chumba kinapaswa kuwa na ubaridi wa angalau digrii tano chini ya kiwango kilichowekwa. Mjini Ngong, au katika nyanda za Kitengela mwezi Julai, kisa huwa ni kinyume: usiku wa baridi kali, dirisha lisilofunga vizuri, na mashine inayopasha bila kupumzika. Teremka hadi Magadi, ndani ya kaunti hiyo hiyo, ambako joto la mchana hupita digrii 35 mara kwa mara. Katika chumba cha namna hiyo kisicho na kiyoyozi, inkubeta iliyowekwa digrii 35 haina la kufanya. Itazima kipashajoto chake na kubaki ikipanda pamoja na hewa ya nje. Fundi atakayeitwa kuitengeneza ataifungua, atabadilisha hiki na kile, na kuirudisha ikiwa katika hali ileile, kwa kuwa haikuwa na ubovu. Mwongozo mmoja wa ununuzi hauwezi kuifaa Ngong na Magadi kwa pamoja.

Baada ya chumba huja matumizi. Sahani zikirundikwa kumi kumi hadi kuziba njia ya feni, zile za katikati huchukua saa nyingi kupata joto. Sahani zilizotolewa kwenye friji na kuingizwa moja kwa moja huivuta mashine nzima chini. Raba ya mlango iliyokakamaa kwa vumbi huvujisha joto usiku kucha. Ipo njia rahisi ya kuipima: karatasi hubanwa mlangoni na kuvutwa, na ikiteleza bila kushikwa, raba imechoka.

Hapo ndipo inapofaa kugeukia vilivyomo ndani ya mashine. Dalili zake si ngumu kuzitofautisha. Mashine isiyopata joto kabisa huwa imeungua kipashajoto au imekatwa na kinga yake ya usalama. Ile inayopanda bila kukoma huwa relei yake imenasa, hivyo umeme unaendelea kupita hata baada ya kidhibiti kuamuru ukatwe. Feni ikifa, juu huwa moto na chini baridi.

Kihisi ndicho chenye hila zaidi. Katika mashine nyingi huwa ni uzi wa platini ambao ukinzani wake kwa umeme ni omu 100 katika digrii 0 na takriban omu 114.4 katika digrii 37. Kila digrii moja ni kama omu 0.385. Kiungo cha waya kikishika kutu na kuongeza omu moja tu, kidhibiti kitadhani joto limepanda kwa digrii 2.6, na kitapunguza moto. Kioo kitaonyesha 37, ndani mtakuwa na 34.4, na hakuna king’ora kitakacholia, maadamu kwa akili ya mashine kila kitu ni shwari.

Mbele ya hali hiyo wengi hufuata njia ya mkato. Kidhibiti kina kitufe cha kusahihisha namba, hivyo fundi huongeza au kupunguza hadi kioo kikubaliane na kipimajoto, akaondoka. Kwa wiki moja mambo huwa sawa. Lakini kutu haikusimama, na sasa tofauti inayokua imefichwa chini ya marekebisho ambayo hayakuandikwa popote. Kitufe hicho kina kazi yake, ila ni cha mwisho kuguswa, baada ya umeme, chumba, mlango, feni na nyaya kuthibitishwa kuwa timamu. Aliyekibonyeza sharti aandike tarehe, kiasi na sababu.

Umeme wenyewe unastahili kutajwa peke yake. Wakenya hawajasahau usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipotumbukia gizani, wala matukio kama hayo ya Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo. Umeme ukikatika nchi nzima, kila mtu hujua, na sampuli za usiku huo hutiliwa shaka. Hatari zaidi ni ule mkatiko wa saa mbili au tatu katika mtaa mmoja, saa nane za usiku, ambao haumfikii mtaalamu kwa njia yoyote. Umeme unarudi alfajiri, mashine inapanda tena taratibu, na afikapo kazini saa mbili asubuhi anaikuta imetulia kwenye 37. Baadhi ya mashine hurejea na kukaa tu zikisubiri mtu azibonyeze; hizo angalau hujitangaza. Zinazojiwasha zenyewe ndizo zinazoficha siri ya usiku. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kabisa cha joto tangu kisomwe mara ya mwisho. Jenereta pekee haitoshi, kwa kuwa jenereta isiyo na mafuta, au isiyounganishwa na soketi za maabara, ni pambo la ua.

Swali la nani anapaswa kugharimia haya lilipata jibu la kisheria zamani. Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, iliziachia kaunti vituo vya afya, nazo zikaanza kazi mwaka 2013. Serikali ya kitaifa ilibakishiwa sera na hospitali kuu za rufaa. Pamoja na hayo, mpango mkubwa zaidi wa vifaa vya hospitali ulitoka Nairobi: mikataba ya Februari 2015 ya kukodisha mitambo kwa Sh38 bilioni kwa muda wa miaka saba, hospitali mbili kwa kila kaunti. Mitambo iliyofika ilikuwa ya upasuaji, figo, wagonjwa mahututi na picha za eksirei. Kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mpango huo iliripoti mwaka 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, maji au umeme wa kutosha.

Somo la mikataba ile lilihusu mitambo ya mamilioni, lakini linauhusu pia mtambo mdogo wa kona ya maabara. Kununua ni jambo la siku moja lenye utepe na wapiga picha. Kutunza hakuna utepe. Hakuna diwani aliyewahi kuomba kura kwa kubadilisha raba ya mlango wa inkubeta.

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na wafadhili. Maabara zilizohusishwa na mipango ya Ukimwi na kifua kikuu zilinufaika na mafunzo, usafirishaji wa sampuli na ukaguzi wa vifaa uliolipiwa na fedha za kigeni, za Marekani zikiwa mbele. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 2025 shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Wizara na kaunti zilijikuta zikihesabu ghafla gharama ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye vitabu vyao. Katika hesabu ya namna hiyo mishahara na dawa hutangulia, na ni haki zitangulie. Kinachopaswa kuhojiwa ni mazoea ya kulifuta fungu la matengenezo kabisa kila fedha zinapopungua.

Wapo watakaosema kwamba Kitengela, iliyo umbali wa takriban kilomita 30 kutoka katikati ya Nairobi, haihitaji kujitesa. Sampuli zipelekwe kwa maabara za kitaifa. Hoja hiyo ina mashiko kwa vipimo adimu. Kwa kipindupindu na maji ya kunywa haina, kwa sababu sampuli za maji zinapaswa kufikishwa zikiwa baridi na kupimwa ndani ya saa chache, na kwa sababu Loitokitok, Magadi na Namanga pia zimo Kajiado. Anayeishi huko hapimi umbali wake kwa kilomita za Kitengela.

Nafasi ya kurekebisha mambo bila kungoja msaada ipo. Sheria ya Kuboresha Vituo vya Afya ya mwaka 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya na kuyatumia zenyewe, badala ya kuyapeleka kwanza kwenye akaunti kuu ya kaunti na kuyasubiri yarudi. Vitu vinavyohitajika hapa haviko katika daraja la mitambo ya eksirei: kipimajoto kilichohakikiwa, kimoja cha kuhifadhi viwango vya usiku, stabilaiza ya umeme, raba za mlango, na daftari la kuandikia joto asubuhi na jioni. La daftari linaonekana dogo kupita kiasi, lakini ndilo la kwanza kuitishwa na wakaguzi wa ubora, nalo ndilo pekee linaloweza kuonyesha kwamba mashine ilianza kuteleza wiki tatu kabla ya jibu la kwanza kutiliwa shaka. Maabara ikigundua kosa bila daftari, haiwezi kujua ni wagonjwa gani wa kuitwa tena.

Kwa mambo yanayozidi uwezo wa hospitali moja, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti kuwasilisha makadirio ya bajeti katika bunge lake kufikia Aprili 30 kila mwaka, baada ya kuwasikiza wananchi. Katika vikao hivyo barabara na maji ndivyo huzungumzwa zaidi, Kitengela hasa. Mkazi anayedai maji safi ana haki pia ya kuuliza ni maabara gani ya kaunti iliyoyapima, kwa joto gani, na kipimajoto chake kilihakikiwa lini. Maabara za vipimo za Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, ambako kifaa kama hicho huweza kuhakikiwa, ziko South C, kando ya barabara ya Mombasa, njia ileile inayofuatwa na matatu za Kitengela kila asubuhi.